Kitanda Kinachoshuka Saa Saba

Nataka niseme mapema, tusije tukagombana baadaye: kamba zangu hazikatiki. Kuanzia Kyuso mpaka Mwingi, mtu akitaka kamba ya kufunga fahali mkorofi, au ya kuvutia maji kwenye kisima kirefu, anaambiwa aende kwa Muthoki, mke wa Mutie. Nakwangua makonge mwenyewe, naanika mwenyewe, nasokota juu ya paja langu mpaka ngozi ya hapo imekuwa ngumu kama ya kisigino. Basi mwaka ule wa sabini na sita, watu walipoanza kunong'ona sokoni kwamba kamba za Muthoki zinamwangusha mume wake, niliacha kusalimiana nao. Nilipita na kiondo changu nikiangalia mbele.

Na zingekuwa zimekatika, ningenyamaza. Kamba ikikatika unaona ilipokatikia, unajilaumu, unasokota nyingine. Hizi hazikukatika hata uzi mmoja. Asubuhi mume wangu alikuwa juu, saa saba mchana alikuwa chini, na kamba zote mbili zilikuwa nzima, zimefungwa kwenye miti ile ile niliyozifunga. Sasa wewe niambie, mtu ataanzia wapi kuelewa jambo kama hilo?

Ngoja nianze mwanzo. Mutie alikuwa mtu wa nyuki. Alikuwa na mizinga arobaini na kitu, magogo aliyochonga kwa mkono wake na kuyatundika juu ya miti tangu kwetu mpaka mtoni. Mwezi wa tatu alipanda mgunga mmoja kutundika mzinga mpya, nyuki wakamvamia, akaanguka. Hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe. Hospitalini alilala miezi miwili, kisha wakaniambia mgongo umeharibika, miguu haitarudi, nimpeleke nyumbani nikamtunze. Nikauliza, nimtunze namna gani? Nesi akasema, "Uwe unamgeuza geuza, mama."

Nilimgeuza mpaka mikono ikauma, lakini vidonda vikatokea tu, kiunoni na chini ya mgongo. Halafu siku moja nikiwa shambani kuchuma ndengu, siafu wakapanda kitandani. Mtu asiyeweza kusogeza miguu hana pa kuwakimbilia siafu. Nilipofika nilimkuta ameuma blanketi ili asipige kelele, na nikawatoa mmoja mmoja huku nalia kama mtoto. Tangu siku hiyo kila kitu kilichomgusa mume wangu nilikipaka mafuta ya mbarika. Ndivyo tunavyofanya kwa kamba za mizinga, kwa sababu siafu hawapendi kupita juu ya mafuta yale. Mama yangu alinifundisha hivyo, naye alifundishwa na mama yake.

Kaka yake mkubwa, Mwangangi, alikuja kutoka Nunguni. Huyo ana duka kule na ni mzee wa kanisa, mtu mwema, lakini wema wake unakuja na amri. Alitazama vidonda, akafunika, akaniita nje.

"Shemeji, hii hali siyo. Kwangu kuna nyumba ya simiti, kuna zahanati hapo karibu, na vijana wa kanisa watakuwa wakimwona. Nitamchukua."

Mimi nisingeweza kumfuata. Mbuzi angechunga nani? Na mtoto wetu Mutindi alikuwa bado shuleni, anasomeshwa na kamba hizi hizi. Nilimwomba Mwangangi anipe mwezi mmoja. Niliporudi ndani, Mutie alikuwa amesikia kila kitu, kwa sababu ukuta wetu ni udongo tu.

"Mama Mutindi," akasema, "nikienda Nunguni, nitarudi kwenye sanduku."

Nikamwambia asiniletee maneno ya mkosi. Lakini niliogopa sana. Nilijua ni kweli. Mtu aliyezoea kusikia nyuki kila asubuhi hawezi kuwekwa kwenye chumba cha simiti akaishi.

Aliyetuokoa, au niliyedhani ametuokoa, ni Mwalimu Evanson Kahiga. Huyu ni Mkikuyu wa Nyeri aliyekuwa akifundisha hesabu kwenye shule yetu ya harambee na kuwapeleka maskauti porini. Alikuja kumjulia Mutie hali, akaona vidonda, kesho yake akarudi na turubai la kijani lenye vitanzi huku na huku.

"Hiki ni kitanda cha kuning'inia, mama. Sisi maskauti tunalalia porini. Hakina ubao wa kumkandamiza."

Nikamwambia, Mwalimu, asante, lakini mimi ni mwanamke mmoja. Nitamwinuaje mtu mzima nimweke hewani? Akasema uzuri wake ndio huo: kamba zake zinapanda na kushuka. Akanionyesha kwenye ile miti yetu miwili ya mukau iliyo uani. Kamba inafungwa mtini, inapita kwenye kitanzi cha turubai, inarudi na kujizungukia yenyewe mara tatu, kisha inabanwa. Kifundo hicho ukikisukuma kwa mkono kinateleza, unapata urefu unaotaka. Uzito ukiingia, kinauma kamba na hakiendi popote. Kwa hiyo unashusha turubai mpaka kwenye mkeka, unamviringisha mgonjwa juu yake, halafu unapandisha: unainua upande wa kichwa kwa bega na kusukuma kifundo, unakwenda upande wa miguu unafanya vile vile, kidogo kidogo, mpaka afike usawa wa mapaja yako.

Mutie alikuwa akitutazama kutoka mlangoni, nimemwegemeza. Akacheka. Tangu aanguke hakuwa amecheka.

"Mwalimu, hicho kifundo ni changu. Nimepanda nacho miti miaka ishirini."

"Basi tumesoma shule moja, mzee," Mwalimu akasema.

Kamba zake za nailoni zilikuwa fupi, haziwezi kufika mikau yote miwili. Nikasokota zangu, nene kama kidole gumba. Nikazipaka mafuta, nikazifunga. Nikamshusha, nikamviringisha, nikampandisha peke yangu. Mutie alifumba macho, akasema haumwi popote. Nilikwenda nyuma ya jikoni nikalia, na safari hii nilikuwa nalia kwa furaha.

Asubuhi hiyo ilipita vizuri. Nikatwanga, nikapika isyo, mahindi na maharagwe yetu, nikatoka na sahani saa saba. Mutie alikuwa amelala chini juu ya mkeka, turubai limemfunika huku na huku, anatazama majani ya mukau.

"Nani amekushusha?"

"Nimeshuka tu," akasema.

Kushuka tu! Nikakagua kamba, nzima. Nikakagua vifundo, vimebana, ila vimesogea mpaka mwisho. Nikampandisha tena. Jioni alikuwa juu, hakusogea hata inchi. Kesho yake asubuhi juu, saa saba chini. Siku ya tatu nikakaa pale pale na kazi yangu ya kusokota nikimlinda, na nikaona kwa macho yangu: jua lilipopanda, kitanda kilianza kushuka. Polepole, bila sauti. Hakuna mkono, hakuna upepo. Niliacha kusokota, nikasahau hata nilikuwa nafanya nini.

Jirani yangu Kalunde, ambaye hajawahi kukosa jibu maishani mwake, alisema miti inasogeleana. Nikapima kwa hatua zangu, tisa. Nikapima tena saa saba, kumi. Hapo ndipo nilichanganyikiwa kabisa, mpaka nikakumbuka asubuhi nilipima nikiwa na hasira na hatua zilikuwa ndefu.

Nikabadilisha upande wa kichwa na wa miguu. Akashuka. Nikahamia kwenye mikwaju miwili ya nyuma. Akashuka. Nikafukuza kuku, labda ndio wanatikisa. Nikasokota kamba mpya kabisa, nzito zaidi, nikazipaka mafuta mara mbili kwa sababu zilikuwa kavu. Siku hiyo alishuka saa tano. Ilipokuja siku ya mawingu, hakushuka kabisa, nami nikasherehekea na kupika chai ya maziwa. Kesho yake jua likatoka, akashuka kama kawaida.

Kina mama wa kanisa walikuja kuombea kamba. Waliziwekea mikono, wakaimba mistari yote. Saa saba Mutie alifika chini wakiwa bado kwenye uji, na kiongozi wao akasema imani yangu ni haba.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Kalunde akaniambia walipoondoka. "Kuna mtu wa karibu hapa anayekuchezea, Muthoki. Mtafute."

Nikamuuliza kama ni yeye. Tukaacha kuongea.

Jambo lingine lililonitatiza ni Mutie mwenyewe. Mtu mwingine angelalamika, angeniambia mwanamke gani wewe usiyejua kufunga. Yeye kila siku alikuwa mpole tu. Nikiuliza, "Baba Mutindi, wewe unajua kifundo hiki kuliko sisi wote, hebu nisaidie, kwa nini hakishiki?" alisema, "Labda ni mimi nimenenepa." Nimenenepa! Mtu aliyebaki mifupa na masikio. Niliona ananificha kitu, nikadhani amechoka na mimi na anataka kwenda kwa kaka yake.

Mwalimu Kahiga naye alikuja jioni moja kuchunguza. Akashika kamba, akaishika tena, akatazama vidole vyake na kuvipangusa kwa leso. Akafungua mdomo. Kabla hajasema neno, Mutie akamkatiza.

"Mwalimu, hebu tuambie habari za Nyeri. Mahindi huko yamefika wapi?"

Wakatazamana. Mwalimu akafunga mdomo, akasema mahindi ni mazuri. Halafu akachukua daftari akanichorea pembe tatu, akaeleza kwamba kamba ikivutwa sana uzito unaongezeka, kwa hiyo niilegeze. Nikamwambia nikiilegeza atakuwa chini tangu asubuhi, tutakuwa tumemaliza kazi mapema. Akacheka vibaya, akaaga. Nilimwona anaondoka haraka, nikafikiri, hata mtu wa hesabu ameshindwa na kamba zangu.

Mwezi haukuwa umekwisha Mwangangi alipotokea, tena saa nane mchana. Akamkuta ndugu yake chini, kuku wanamzunguka. Nilikuwa nimekwenda kuchota maji. Aliponiona na mtungi wangu hakunikaripia, na afadhali angenikaripia.

"Shemeji, umejitahidi. Jumamosi nakuja na pikapu."

Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi sikula. Ijumaa asubuhi nikaona kamba ya upande wa kichwa imeanza kuchakaa pale inaposuguana na mti. Nikasokota nyingine, mikono inafanya kazi, akili haipo. Nikaenda kuchukua kibuyu cha mafuta, nikakuta kimebaki na tone tu. Mbarika zangu zilikuwa hazijakauka za kukamua. Nikasema, siafu mnisamehe leo tu. Nikaifunga kamba ile kavu, na ya miguuni nikaiacha ile ya zamani. Nikampandisha, nikaenda kufua nguo zake za safari, kwa sababu sikutaka Nunguni waseme alifika mchafu.

Saa saba nilitoka. Mutie alikuwa ameshuka nusu. Miguu ilikuwa chini kwenye mkeka, kichwa kiko juu pale pale nilipokiacha.

Nilisimama na nguo mbichi mkononi. Makonge ni yale yale, mkono ni ule ule, kifundo ni kile kile. Nikaenda kwenye kamba ya kichwani nikaishika, ilikuwa inakwaruza. Nikaenda kwenye ya miguuni nikaishika, ikateleza mkononi, na jua lilikuwa limeyatoa mafuta yote juu mpaka yanang'aa. Nikakumbuka siku niliyopaka mara mbili. Nikakumbuka siku ya mawingu. Nilijiona mjinga kuliko kuku wangu wote.

"Baba Mutindi, ni mafuta."

Akageuza uso upande wa miti.

"Ni mafuta yangu. Mimi ndiye nilikuwa nakuangusha. Na wewe ulijua." Hasira ikanipanda mpaka macho yakaona giza. "Mwalimu alijua, nawe ukamnyamazisha na mahindi. Unataka kwenda Nunguni, si useme? Mtu anaangushwa kila siku, anajua dawa, ananyamaza, anangoja pikapu! Nimekukosea nini?"

"Inya wa Mutindi, kaa chini," akasema. Alisema kwa Kikamba, kama anavyoniita tukiwa wawili tu.

Sikukaa. Nilikuwa nimeanza kuifungua ile kamba ya miguuni ili niisugue kwa jivu. Nilichota jivu, nikasugua, na nilipokuwa nasugua pua yangu ikajaa ile harufu ya mbarika, nzito, ya kichefuchefu. Na mkono wangu ukasimama wenyewe.

Kamba ya kupandia. Alikuwa na moja ya zamani, aliisokota mwenyewe akiwa kijana, haikuwahi kuona mafuta. Mwezi wa tatu alilalamika inamchuna kiuno. Nikamsokotea mpya. Ilikuwa ngumu, nami nikaona huruma, nikaipaka mafuta, usiku mzima ukapita ikiwa imelowa, ili iwe laini kwake. Aliivaa kesho yake kwa mara ya kwanza. Alipanda nayo ule mgunga, akafunga kifundo chake cha miaka ishirini, akaegemea.

Sasa nikakaa chini.

"Siku ile," nikasema. "Nyuki walikuvamia?"

Akatazama mikau.

"Walikuwepo wachache."

"Mutie." Sijawahi kumwita jina lake hivyo, hata siku ya harusi.

"Nilipokuwa naanguka mkono wangu ulishika kamba," akasema. "Ikapita. Nilipofika chini mkono ulikuwa unanuka mbarika. Nikajua. Nikaiambia roho yangu, hili jambo litaishia hapa. Wakija kunichukua nitasema nyuki." Akapumua. "Halafu Mwalimu akaleta kitanda chake. Siku ya kwanza nilipofika chini nilijua sababu. Lakini ningekwambia haya mafuta yanatelezesha kifundo, ungefika hapa ulipo sasa. Wewe huna akili ya kuachia jambo nusu."

"Kwa hiyo ukaamua kushuka kila siku."

"Kushuka kwenyewe ni polepole. Siumii."

"Na Nunguni? Ulisema utarudi kwenye sanduku."

"Heri mimi nirudi kwenye sanduku," akasema, "kuliko wewe ukae hapa na jambo hili."

Nililia mpaka Kalunde, tusiyeongea naye, akaja kwenye ua kuuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, arudi kwake. Sikuweza kumgusa Mutie, niliogopa mikono yangu mwenyewe. Yeye ndiye alinyoosha wake akashika shuka langu, akavuta mpaka nikasogea.

Jumamosi saa sita Mwangangi alifika na pikapu ya kuazima, na dereva, na godoro limetandikwa nyuma. Nikamwomba anywe uji kwanza. Aliketi kwenye kigoda akamtazama ndugu yake juu ya turubai. Ikafika saa saba, jua kali, kamba kavu za jivu pande zote mbili. Ikapita saa nane. Mutie alikuwa amefumba macho, hajashuka hata inchi. Mwangangi aliinuka, akakitikisa kitanda kwa mkono, akarudi kuketi.

"Ilikuwa nini basi?" akauliza.

Mutie hakuwa amelala. "Ni miti," akasema bila kufumbua macho. "Ilikuwa inasogea. Sasa imetulia."

Mngeona alivyolisema, mngeamini. Nami ningeweza kuliacha hapo, na Mwangangi angekwenda zake, na hakuna mtu mwingine chini ya jua angejua.

"Ni mafuta yangu, shemeji," nikasema. "Nilipaka kamba zikawa zinateleza. Hata ile aliyoanguka nayo mtini nilipaka mimi. Hakuangushwa na nyuki. Kama utamchukua, umchukue ukijua hilo."

Mwangangi aliweka kibuyu cha uji chini. Alinitazama mimi, kisha akamtazama ndugu yake.

"Uliniambia ni nyuki," akamwambia. "Nilikaa kando ya kitanda chako hospitalini nikaomba Mungu awaangamize nyuki wote wa Kyuso."

"Walikuwepo wachache," Mutie akasema.

Mzee wa kanisa akavua kofia, akaikunja, akaivaa tena. Nilingoja anihukumu. Nilitaka anihukumu, nipumzike. Akamalizia uji wake, akaenda kwenye pikapu, akarudi amebeba godoro begani na kuliweka mlangoni petu.

"Hili ni la siku za mvua," akasema. Kisha akamwambia dereva wageuze gari.

Kalunde alinikamulia mbarika zake Jumatatu, kwa sababu hata yeye anachoka kununa. Sasa napaka mashina ya mikau, huku na huku, shibiri mbili chini ya kamba, na siafu wanaishia hapo. Kamba zenyewe sizigusi ila kwa mikono mikavu. Kila mara nikizishika nanawa kwanza kwa jivu, nanusa vidole, nanawa tena. Mutie huniona.

Jioni ile ya Jumamosi, vumbi la pikapu lilipotulia, nilikuwa nimesimama tu uani, sijui niingie au nikae.

"Mama Mutindi," akaita. "Nipandishe kidogo. Nataka kuona mizinga."

Sikutaka. Nilimwambia siamini mikono yangu, nimwite Kalunde. Akasema hamtaki Kalunde. Basi nikaingiza bega chini ya kichwa chake, nikainua, nikasukuma kifundo juu ya kamba, nikamwachia uzito polepole. Kikashika.

"Kidogo tena," akasema.